Mtoto kaanguka, jino limetoka: maswali tunayoulizwa sana kuhusu ajali za meno na taya kwa watoto

Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno hapa Dar, na watoto walioanguka tunawapokea sana, likizo ya shule ikianza ndo wanazidi. Kinachoniuma ni kwamba jino lingepona kabisa, ila zile dakika za mwanzo pale uwanjani au bafuni ziliishia kwenye kulia na kuulizana gari liko wapi. Jino lililotoka haliokolewi na mimi, linaokolewa na aliyekuwa karibu na mtoto, awe mama, mwalimu, dada wa kazi au kaka yake wa darasa la sita. Kama ajali imetokea sasa hivi soma maswali manne ya mwanzo tu, mengine utayasoma mkiwa kwenye foleni.

Mtoto kaanguka sasa hivi, mdomo umejaa damu, naanza na nini?

Anza na mtoto mzima, mdomo utausubirisha kidogo. Alizimia hata kwa sekunde chache? Anatapika? Analegea, anasinzia kwa namna ambayo siyo kawaida yake, anaongea vitu visivyoeleweka, amepata degedege, damu au maji yanatoka puani au masikioni? Hata kimoja kikiwepo, hiyo ni ajali ya kichwa, nenda hospitali kubwa yenye huduma ya dharura moja kwa moja, meno yatafuata.

Kama yuko vizuri, mkalishe, ainame mbele kidogo ateme damu. Usimlaze chali, damu itarudi kooni apaliwe au aimeze halafu atapike ukadhani ni kichwa. Chukua kitambaa kisafi, khanga iliyofuliwa inatosha, kunja, bana pale panapotoka damu dakika 10 kamili ukiangalia saa, bila kufungua kuchungulia, maana ukifungua unaanza upya. Na usitishike na wingi wa damu, damu ya mdomoni inachanganyika na mate ndo maana kijiko kimoja kinaonekana kama kikombe. Ikishapungua mwambie afungue mdomo, washa tochi ya simu, hesabu meno.

Jino limetoka zima na mzizi wake. Nitajuaje ni la utoto au la ukubwani?

Hili ndo swali linaloamua kila kitu kwa sababu matibabu yake ni kinyume kabisa, la ukubwani linarudishwa, la utoto halirudishwi kamwe.

Anza na umri. Meno ya mbele ya utoto huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, ya mbele chini ndo yanatangulia, ya mbele juu ya ukubwani huwa yanaota kati ya miaka 7 na 8. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 ni la utoto, wa miaka 10 jino la mbele ni la ukubwani. Pale katikati, miaka 6 mpaka 8, liangalie lenyewe, la ukubwani ni kubwa, pana, lina rangi ya umanjano kidogo ukililinganisha na ya utoto, na likiwa bado jipya ncha yake ina vimeno vidogo kama msumeno. La utoto ni dogo na jeupe kama maziwa. Ukishindwa kabisa kutofautisha usilirudishe, litie kwenye maziwa uje nalo haraka, sisi tutaamua.

Ni la ukubwani. Nifanye nini hapo hapo?

Lirudishe. Ndiyo, wewe, sasa hivi, usisubiri daktari. Najua mkono unatetemeka, ila naomba unielewe kinachoendelea pale, juu ya mzizi wa jino kuna utando mwembamba wenye seli hai ambazo ndizo zinazolishikanisha jino na mfupa. Seli zile zikikaa hewani zinakauka. Ndani ya dakika 30 bado ziko vizuri, likikaa kavu zaidi ya saa 1 zimekufa karibu zote, na hakuna dawa ya kuzifufua hata ukimpeleka mtoto hospitali kubwa kuliko zote.

Lishike kwa upande wa juu, ule mweupe tunaotafunia. Mzizi usiuguse. Likiwa na mchanga lisuuze taratibu kwa maziwa, au maji ya chumvi ya drip kama yapo, au mate ya mtoto mwenyewe, na kama hivyo vyote hakuna basi maji safi ya bomba kwa sekunde 10 zisizidi. Usilisugue, usilipangusie shati, usilipake spiriti, usilikwangue kile kinyama kilichoganda kwenye mzizi kwa kudhani ni uchafu, kile ndo tunachokitafuta. Angalia jino la pembeni uone upande wa mbele unakaaje, halafu lisukume polepole kwenye tundu lake mpaka lilingane na wenzake. Litaingia, tundu bado lina joto na damu haijaganda. Kisha mtoto ang'ate kitambaa kisafi kulishikilia na muanze safari. Likiingia limepinda kidogo usilipigie hesabu, tutalinyoosha.

Hapa kuna watu watatu wa kuwaacha, usijaribu kurudisha jino kwa mtoto aliyezimia au asiyejielewa vizuri, kwa mtoto mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, wala kwa mtoto ambaye kinga yake iko chini sana, mfano anayetibiwa saratani. Hao jino kwenye maziwa, mtoto hospitali.

Siwezi, naogopa, au mtoto anapiga kelele hakubali kuguswa. Sasa?

Maziwa. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe, baridi, yasiyo na sukari, ya pakiti ya dukani yanafaa sana. Tia jino kwenye kikombe chenye mfuniko, maziwa yalifunike lote, njoo. Mtindi hapana, maziwa ya chokoleti hapana.

Nakumbuka mama mmoja aliingia analia, katikati ya kiganja ana tishu amelikunja kama anavyokunja sarafu, akaifungua taratibu mbele yangu, jino la juu la mbele la binti wa miaka 9, zuri, halina hata ufa. Nikaligusa mzizi kwa glavu likawa gumu na limechakaa kama karanga iliyokaa juani. Alikuwa amelitunza kwa upendo wote, masaa 3 kwenye pochi. Wiki ile ile akaja mwalimu wa michezo na kijana wake, jino liko kwenye kikombe cha plastiki na maziwa yamekuwa ya pinki kwa damu, dakika 40 hivi tangu ajali, mzizi bado unang'aa na ule utando unaonekana. Yule kijana jino lake liko mdomoni mpaka leo. Upendo wa yule mama haukuwa mdogo kuliko wa mwalimu, tofauti ilikuwa maziwa.

Hakuna maziwa, tuko shamba / tuko barabarani. Maji yanafaa? Dafu je?

Mate. Mtoto ateme kwenye kikombe, uweke jino humo, au likunje kwenye nailoni safi pamoja na mate ili lisikauke. Mtoto mkubwa anayejielewa anaweza kulishikilia ndani ya shavu, lakini mdogo hapana, atalimeza. ORS ya kuharisha iliyochanganywa vizuri kama inavyoelekezwa kwenye pakiti nayo inasaidia na iko kila duka la dawa. Drip ya maji ya chumvi sawa.

Maji ya kunywa ni chaguo la mwisho kabisa, siyo kwamba ni sumu, ila seli zinafyonza maji zinavimba zinapasuka. Bado ni afadhali kuliko tishu kavu. Dafu tunaulizwa sana na watu wa pwani, limefanyiwa tafiti na majibu yanagongana, na lina tindikali kiasi, kwa hiyo ukiwa na maziwa na dafu mkononi chukua maziwa.

Mkiletewa jino mnafanya nini? Na je kama limeshakauka nilitupe?

Usilitupe. Hata lililokauka mara nyingi tunalirudisha kwa mtoto, tukijua kabisa kwamba halitadumu maisha yote, kwa sababu linashikilia mfupa na nafasi mpaka akue. Shida yake ni kwamba linaungana na mfupa moja kwa moja, mzizi unaliwa polepole, na kwa kuwa taya linaendelea kukua, jino lenyewe linabaki nyuma likionekana fupi kuliko wenzake. Tutakuambia haya mapema ili usije ukadhani tumekosea.

Lililokuja vizuri tunalifunga na majirani zake kwa waya mwembamba unaocheza kidogo, wiki 2. Kama mzizi ulishakomaa, matibabu ya kusafisha kiini cha ndani (ile sehemu laini yenye mishipa ya damu na fahamu) yanaanza ndani ya hizo wiki 2. Kama mtoto ni wa miaka 7 au 8 na ncha ya mzizi bado iko wazi tunaweza kusubiri, maana damu inaweza kurudi ndani ya jino lenyewe, nimeiona na ni kitu cha kufurahisha sana, ila lazima umlete kwenye kila tarehe tuliyokupa. Huo ndo utaratibu wa mwongozo wa 2020 wa IADT, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ajali za meno. Antibayotiki atapewa, na kama hana uhakika wa chanjo ya pepopunda au jino lilianguka kwenye udongo tutamtuma akachomwe. Njoo na kadi ya kliniki.

Jino la utoto limetoka, mbona mmekataa kulirudisha? Mtoto atakaa na pengo miaka mitatu!

Naelewa kabisa, hasa akiwa na miaka 3 na picha za shule ziko karibu. Lakini juu ya mzizi wa lile jino kuna jino la ukubwani linalojengwa, laini kabisa kwa wakati ule. Ukisukuma jino la utoto kurudi unalisukumia bonge la damu na wadudu pale pale, na matokeo utayaona akifika miaka 7, jino linatoka na madoa, limepinda au halitoki. Pengo la mbele peke yake halimzuii kula wala kukua, na hata maneno mengi anayajifunza vizuri. Lete jino lenyewe tu tuhakikishe limetoka lote.

Jino la utoto limezama ndani ya fizi, halionekani kabisa au inaonekana ncha tu.

Hii inatokea sana kwa wanaojifunza kutembea, kaanguka kwenye kona ya meza au kwenye vigae, wazazi wanadhani limetoka wanalitafuta sakafuni kumbe limezama. Usijaribu kulivuta. Tutapiga eksirei tuone limeelekea wapi, na mengi ya utoto yanashuka yenyewe ndani ya miezi 6, mengine yanaenda mpaka mwaka.

La ukubwani likizama ni habari nyingine, hiyo ni dharura siku hiyo hiyo.

Halijatoka, limelegea tu au limesogea nyuma.

Likilegea kidogo bila kuhama sehemu yake, chakula laini wiki 1 au 2, mswaki laini, tunamwangalia. Likiwa limehama mpaka meno hayakutani vizuri, mtoto hawezi kufunga mdomo kwa sababu jino linazuia, njoo leo. Unaweza kujaribu kulirudisha sehemu yake taratibu kwa kidole kama ni la ukubwani na linakubali, likigoma acha. Ukiona meno mawili au matatu yanatikisika kwa pamoja kama kipande kimoja, ule ni mfupa umevunjika, sio meno, na huo tunaufunga wiki 4.

Limevunjika kipande. Nikitafute?

Kitafute, na ukikipata kitie kwenye maji au maziwa kisikauke. Vipande vingi tunavigundisha tena kwa gundi ya meno na huwezi kujua kama palivunjika. Ukiona katikati ya palipovunjika kuna doa jekundu au linatoa damu, kiini kiko wazi, usiache zaidi ya siku moja, kwa mtoto mdogo tunaweza kutoa sehemu ndogo tu ya juu ya kiini, tukafunika na dawa, jino likabaki hai na mzizi ukaendelea kukua. Ukisubiri wiki hiyo nafasi imepotea. Kipande kidogo cha pembeni kisichouma hakina haraka, wiki hii inatosha.

Jino limetoka ila hatulioni popote, sio sakafuni sio mdomoni.

Kuna sehemu nne. Limezama, tumeshasema. Limemezwa, litatoka chooni lenyewe. Limeingia kwenye mdomo wa juu au wa chini uliochanika, kwa hiyo mdomo ukiwa umevimba na una kidonda na jino limevunjika mwambie daktari apige eksirei ya mdomo KABLA ya kushona, nimeshatoa vipande viwili ndani ya midomo iliyoshonwa sehemu nyingine, mtoto ana kinundu kinauma miezi na hakuna aliyejua kwa nini. La nne ndo la kuogopa, limeingia njia ya hewa. Mtoto anakohoa ghafla bila kuacha, anapumua kwa sauti ya mluzi, sauti imebadilika, hospitali sasa hivi, eksirei ya kifua.

Mdomo au ulimi umechanika, lazima ashonwe?

Sio lazima. Vidonda vidogo vya ndani ya mdomo vinafunga vyenyewe haraka kuliko ngozi ya nje. Ashonwe kama damu imegoma baada ya kubana kwa dakika 10 mara mbili, kidonda kimetoboa mpaka nje, ulimi umepasuka na kingo zake zimeachana, au kimepita kwenye mstari ambapo ngozi ya uso inakutana na lips, pale kikishonwa vibaya kovu linaonekana maisha yote. Barafu ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 weka, toa, rudia. Barafu ya fimbo ya kulamba inakubalika sana kwa wadogo, wanatulia na uvimbe unashuka.

Nitajuaje kama taya limevunjika?

Hili naomba mlisome polepole hata kama mtoto wako mzima, kwa sababu ndo linalopita bila kuonekana.

Muulize swali moja, "meno yako yanakutana kama zamani?" Mtoto wa miaka 5 anajibu vizuri kabisa. Akisema hapana, au ukiona mwenyewe upande mmoja unagusana na mwingine uko wazi, chukulia taya limevunjika mpaka eksirei ikatae. Dalili nyingine ni mdomo kutofunguka kama kawaida au ukifunguka kidevu kinakwenda upande mmoja, ganzi kwenye mdomo wa chini, ngazi unayoihisi ukipitisha kidole chini ya taya, na damu iliyovilia chini ya ulimi, ile rangi ya zambarau. Ukiiona hiyo ya chini ya ulimi usijadiliane na mtu, nenda.

Halafu kuna kidevu. Mtoto kaanguka kifudifudi, kidevu kimepiga chini, kimepasuka. Watu wote wanaangalia kile kidonda, kinashonwa nyuzi 3, anarudi nyumbani. Lakini nguvu ya kile kipigo inapanda na mfupa mpaka juu kwenye vifundo vya taya, pale mbele ya sikio, na pale ndo panavunjika. Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka 6, kovu la kidevu limepona vizuri sana, nadhifu, mama anasema anakula taratibu na siku hizi hataki chapati. Nikamwambia afungue mdomo nikaweka vidole vyangu, kimoja tu kiliingia. Ilikuwa miezi 8 tangu ashonwe, hakuna aliyemgusa mbele ya sikio siku ile wala kumwambia fungua mdomo. Kifundo kilikuwa kimeanza kuganda na mfupa. Kwa mtoto hiyo maana yake taya linaacha kukua upande ule, uso unapinda, kidevu kinarudi nyuma, na kulirekebisha ni operesheni kubwa. Angeonekana wiki ya kwanza, mara nyingi kwa umri ule ni chakula laini, dawa ya maumivu na mazoezi ya kufungua mdomo kila siku.

Kwa hiyo kila kidevu kilichopasuka, wewe mwenyewe bonyeza taratibu mbele ya masikio yote mawili, mwambie afungue mdomo wote. Akilia pale mbele ya sikio, au sikio linatoa damu, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo.

Njiani usilifunge taya kwa kitambaa cha kukaza kichwani, akitapika atapaliwa, ashikilie kwa mkono wake akiwa amekaa. Usimpe chakula wala maziwa ya kunywa, huenda akahitaji kulazwa usingizi. Wapasuaji wa kinywa na taya wapo Muhimbili, na hospitali za rufaa za kanda kama KCMC Moshi na Bugando Mwanza ndo sehemu za kuulizia ukiwa huko. Mifupa ya watoto inaunga haraka, kwa hiyo ukichelewa wiki 2 huenda imeshaungana vibaya.

Nimpe dawa gani ya maumivu?

Parasetamo, kwa uzito wake: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 16 ni miligramu 240, yaani mililita 10 za syrup yenye 120 kwenye kila mililita 5, lakini soma chupa yako maana zipo za 250. Aspirini usimpe mtoto. Antibayotiki usijinunulie dukani, na tetrasaiklini kabisa hapana kwa mdogo, inayatia rangi meno yanayojengwa.

Bibi yake anasema tuweke ugoro / kahawa / chumvi ya mawe ili damu ikate.

Bibi anataka mjukuu apone, mjibu kwa heshima, lakini msiweke. Vumbi lolote kwenye kidonda linaingiza uchafu na ugoro unaunguza fizi. Kitambaa na dakika 10 ndo dawa ya damu. Chumvi ya kawaida kidogo kwenye maji ya uvuguvugu kusukutua ni sawa, kuanzia siku ya pili.

Na nikiwa hapo hapo kwenye mambo ya nyumbani, wale wanaowapeleka watoto wachanga wakang'olewe "meno ya plastiki" kwa sababu ya homa na kuharisha, tafadhali acheni. Kile cheupe kinachochimbuliwa kwenye fizi ni chonge la mtoto ambalo halijaota. Linachimbwa kwa spoku au kisu, mtoto anapoteza damu, anaweza kupata pepopunda, na chonge la ukubwani la pale linaharibika pia. Kuharisha kunatibiwa kwa ORS na zinki.

Siku zinazofuata ale nini, apige mswaki?

Apige, mapema, mswaki laini. Fizi chafu haiponi. Uji, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, supu isiyo ya moto sana, wali laini na mchuzi. Mua, mahindi ya kuchoma na kung'ata maembe mabichi akae navyo mbali wiki 2. Kama tumekupa dawa ya klorheksidini, kwa mdogo asiyejua kutema unachovya pamba unapaka mara mbili kwa siku. Chuchu bandia na chupa apumzike.

Imepita wiki tatu, jino limekuwa la kijivu.

Jino la utoto kubadilika rangi peke yake sio lazima litolewe, ni kama damu iliyovilia ndani, mengine yanarudi, mengine yanabaki hivyo hivyo mpaka yanang'oka muda wake. Nataka uangalie fizi juu yake. Kipele kidogo cha usaha kinachotoka na kupotea, uvimbe, maumivu ya usiku, hapo njoo. La ukubwani likibadilika rangi njoo hata kama haliumi.

Mapokezi wamesema bila PF3 hatibiwi.

Kama ni ajali ya barabarani, bodaboda kwa mfano, au kapigwa, fomu ya polisi inahitajika, hilo kweli. Lakini dharura haisubiri fomu. Sema wazi "hii ni dharura, jino limetoka, lina dakika 20", mtoto aingie, mzazi mwingine au jirani aende kituoni. Kama uko peke yako omba mganga wa zamu mwenyewe, usikae kwenye benchi kimya.

Mtoto wa jirani ana miezi 5, kile kikano kinachounganisha mdomo wa juu na fizi kimechanika, wanasema kaanguka.

Mtoto asiyetembea hajikwai. Inawezekana kweli kaangushwa kitandani, lakini kikano kilichochanika kwa mtoto mchanga kinaweza kuwa amepigwa au amelazimishwa chupa kwa nguvu. Vivyo hivyo kwa mkubwa ambaye maelezo yanabadilika kila anayeulizwa, au ana alama za zamani na mpya. Usimshutumu mtu, msaidie mtoto afike hospitali, na piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto, Kenya na Uganda ni hiyo hiyo.

Mimi ni mwalimu, niweke nini shuleni?

Kwanza angalia mnapoumia. Kwenye mabomba ya maji, mtoto ameinama anakunywa anasukumwa nyuma, jino linapiga koki, hii tunaipata sana na dawa yake ni mstari na mtu wa zamu. Bembea zenye ubao mgumu. Kukimbizana kwenye korido yenye vigae vilivyolowa.

Kwenye boksi weka glavu, gauzi, kikombe kidogo chenye mfuniko, pakiti 2 za ORS na chupa ndogo ya maji ya chumvi ya drip. Ukutani bandika namba ya kliniki ya meno iliyo karibu, na orodha ya namba za wazazi zinazopatikana mchana, siyo ile iliyoandikwa mtoto akiwa chekechea. Na mwalimu wa zamu ajue ni duka gani karibu na geti linauza maziwa, na linafunguliwa saa ngapi.